Ifo: Mazoezi yenyewe na yawe mechi

Jua la Ifo likishapungua makali, mwendo wa saa kumi na moja jioni, ndipo mpira wa vikapu hutolewa. Fikiria vijana 20, ringi moja na mpira mmoja uliopauka kwa vumbi. Wamepanga foleni. Wa mbele anadunda, anaruka, anarusha, kisha anarudi nyuma kungoja. Zamu moja ikichukua sekunde 15, kila kijana atashika mpira mara moja kwa dakika 5, yaani mara 12 kwa saa nzima. Na katika mara zote hizo 12, hapana hata mmoja aliyemkaba.

Foleni hiyo huzaa kijana anayerusha vizuri akiwa peke yake. Akikutana na mkono wa mtu usoni, anababaika.

Kwingineko kasoro hii hutibiwa na mechi za wikendi. Ifo ni tofauti. Kambi hii ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ilifunguliwa 1991, vita vilipowatimua watu Somalia, na pamoja na Dagahaley na Hagadera ilikusudiwa kuhifadhi watu 90,000. Wakati wa ukame wa 2011, kambi za Dadaab kwa jumla zilikaribia watu nusu milioni. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Mji wa Garissa uko umbali wa kilomita 100 hivi, lakini kwa mwanavikapu wa Ifo si mahali pa kudandia matatu Jumamosi asubuhi akacheze na kurudi.

Basi ikiwa kijana hawezi kuifuata mechi, mechi imfuate mazoezini. Kila zoezi liwe na mpinzani, muda na hesabu ya pointi. Fedha haihitajiki. Kinachohitajika ni kocha aliye na daftari.

Zoezi la kwanza ni lile la mfalme wa uwanja. Wawili wanaingia, mmoja na mpira, mwingine anakaba. Mwenye mpira anaruhusiwa kudunda mara tatu tu. Akifunga, anabaki na anakuja mkabaji mpya. Akishindwa, mkabaji anachukua mpira na kiti cha ufalme. Tazama miguu ya kijana aliyebanwa na masharti hayo. Hana nafasi ya kudundadunda akijipamba. Anazuga kwa bega la kulia, mkabaji anaegemea, naye anatoka kushoto kwa hatua moja ndefu. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo ufundi wenyewe, na haifundishiki kwa maneno. Sharti la midundo mitatu linafaa pia kwa uwanja wa mchanga, maana mchanga hula mdundo: anayetegemea kudunda sana huachwa na mpira wake.

La pili humtukuza mkabaji. Hapa kufunga hakuna pointi. Pointi ni ya anayezuia. Hutoki hadi uzuie mara tatu mfululizo. Ukifungwa, unaanza upya. Kijana aliyekuwa akiona kukaba ni adhabu hujikuta ameinamisha magoti na kufungua mikono, kwa sababu anataka kutoka akapumzike.

La tatu ni mitupo huru kwa mtu aliyechoka. Wawili wawili, wanakimbia hadi mstari wa mwisho na kurudi, kisha kila mmoja anasimama mita 4.6 kutoka kwenye ubao na kurusha miwili. Kila unaokosa, wote wawili wanakimbia tena. Dakika za mwisho za mechi huwakuta wachezaji wakihema hivyo hivyo. Afadhali wazizoee nyumbani.

Siri ya yote ni kwamba pointi ni mwalimu. Unachokilipa ndicho kitakachofanyiwa bidii. Unataka mkono wa kushoto ukue? Tangaza kwamba leyapu ya kushoto ni pointi mbili na ya kulia ni moja. Hutahitaji kupiga kelele jioni nzima.

Siku ikiisha, wachezeshe watatu kwa watatu kwa kanuni za kimataifa: ringi moja, dakika 10, sekunde 12 za kushambulia, anayefikisha pointi 21 kwanza ni mshindi. Mchezo huo uliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo, na umewafaa kabisa wenye ringi moja.

Ushindani una sumu yake pia. Mnyonge akipigwa kila siku na bingwa yule yule, ataacha kuja. Kwa hiyo wapangwe kwa viwango, na kila mtu ashindane na namba yake ya wiki iliyopita. Anayeshindwa apewe kazi ya kufanya, asipewe aibu.

Wasichana nao wapewe saa zao na daftari lao. Kikwazo cha hijabu katika mechi za kimataifa kiliondolewa na shirikisho la kimataifa, FIBA, mwaka 2017. Kabla ya hapo, mwaka 2011, timu ya wanawake ya Somalia chini ya nahodha Suweys Ali Jama ilijiandaa Mogadishu huku ikitishwa na al-Shabaab, kisha ikaenda Doha kushiriki Michezo ya Nchi za Kiarabu. Vikapu si mchezo mgeni kwa Wasomali: Mogadishu iliandaa ubingwa wa Afrika wa 1981, na wenyeji wakashika nafasi ya tatu.

Wazazi wa Ifo wanaouliza mpira utamfikisha wapi mtoto wakisikie kisa cha Nuni Omot. Alizaliwa Kenya, katika familia ya wakimbizi kutoka Ethiopia, akakulia Marekani. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa ligi ya vikapu ya Afrika, BAL, akiwa na Al Ahly ya Misri, na mwaka 2024 aliichezea Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris. Si kila mtoto atafika huko, wala si lazima. Lakini kila mtoto anastahili kujua leo kwamba ni bora kuliko alivyokuwa Jumatatu.

Hilo ndilo linalofanywa na daftari. Jina, tarehe, mitupo mingapi kati ya 10, amezuia mara ngapi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wapo vijana wengi waliozaliwa Ifo na hawajawahi kulala penginepo. Kwao ni hapa. Tuzo ya kwanza tunayoweza kuwapa, kabla ya jezi na kabla ya kibali, ni mtu wa kuwahesabia.