Dawa ya maji na bomba letu jeusi

Ukitoka Bunju kuelekea Bagamoyo, kuanzia Mapinga, Kerege mpaka Zinga, utaona mabomba meusi ya plastiki yametambaa juu ya mchanga kwenda majumbani. Mengine yamefungwa tyubu ya baiskeli panapovuja. Kwetu tumefunga mara tatu mwaka huu. Fundi anasema ni presha. Sikatai, ila safari ya mwisho nilikichukua kile kipande kibovu nikakipasua kwa urefu. Nje kilikuwa laini kabisa. Ndani, nyufa ndogondogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Kwa nini kianze kuharibika ndani? Maji ya huku yanatoka mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976, na kabla ya kusafiri hutiwa klorini. Klorini ikiingia kwenye maji huzaa asidi ya haipoklorasi, ambayo humuua bakteria kwa kumnyang'anya elektroni. Tatizo ni kwamba haichagui wa kumnyang'anya. Bomba la poliethilini, yaani hilo jeusi la kuviringishwa, huchanganywa kiwandani na kemikali za kinga ziitwazo antioksidanti. Hizo ndizo hutangulia kutoa elektroni zao, plastiki ikabaki salama. Miaka inapita, kinga inaisha upande wa ndani, plastiki inakuwa kavu na kukatika kirahisi. Hapo sasa presha ya fundi inamalizia kazi.

Joto huharakisha yote haya. Weusi wa bomba ni masizi yanayozuia miale ya jua isilichome, lakini weusi huohuo hufyonza joto. Fikiria mchanga wa Januari saa nane mchana!

Bomba la chuma lina kisa kingine: kutu yake ndiyo inayoila klorini. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji. Yakipita kwenye chuma kilichochakaa, nyumba ya mwisho inaweza kupata maji matupu, hayana dawa. PVC, lile bomba gumu, klorini hailisumbui sana. Angalia mipira ya kwenye maungio.

Basi tupunguze dawa? Hapana jamani. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia Dar es Salaam, hapo jirani tu. Na ufa wenyewe hautoi maji tu, unaingiza pia. Maji yakikatika, presha hushuka, na kama bomba limepita kwenye dimbwi au mtaro, uchafu hunyonywa ndani. Klorini iliyobaki ndiyo kinga pekee iliyo njiani.

Kwetu kipande kipya tumekizika, nusu mita hivi chini, mbali na shimo la choo. Na maji yakirudi baada ya mgao, ndoo za kwanza ni za kudekia.