Kaa, Ngoma na Hisabati

Ndugu zangu, sisi watu wa pwani tunamjua kaa mchuzini, lakini ni wachache wanaojua kwamba ana meno tumboni. Meno hayo, pamoja na chujio lililo nyuma yake, huendeshwa na fundo dogo lenye chembe za fahamu zipatazo 30 tu. Ubongo wa binadamu unazo kama bilioni 86. Si ajabu basi wanahisabati wakaona heri waanze na kaa.

Njia ilikwishafunguliwa mwaka 1952. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walieleza kwa hesabu jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka katika uzi mnene wa fahamu wa ngisi, umeme ukapita. Huxley alipiga hesabu zile kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono! Vijana wetu wanaolalamikia jedwali na wasikie.

Chujio la kaa huenda kwa zamu, mfano wa chapuo, vumi na msondo: moja ikilia, ya pili hufuata, kisha ya tatu, halafu huanza upya. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, Astrid Prinz, Dirk Bucher na Eve Marder waliiunda ngoma hiyo ndani ya kompyuta. Walibadilisha chembe na nguvu za viungo vyake, wakapata mifano zaidi ya milioni 20. Mifano zaidi ya 400,000 ilitoa mdundo kama wa mnyama halisi, hali vipimo vyake vya ndani vinahitilafiana mno.

Sisi walimu tunapenda sana wastani. Lakini mwaka 2002 Jorge Golowasch na wenzake walionyesha kwamba ukikusanya chembe za mfano zenye tabia moja, ukatafuta wastani wa vipimo vyake, waweza kupata chembe isiyo na tabia ile kabisa. Kaa si ushahidi juu ya binadamu. Hata hivyo, jamaa yenye wagonjwa wawili wa kifafa inajua kwamba dawa iliyomtuliza mmoja huenda isimfae nduguye.

Tofauti hizo hujificha mpaka kuwe na taabu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2012, mafundo ya kaa yalitiwa joto. Penye ubaridi yote yalidunda namna moja. Joto lilipozidi nyuzi 23 mdundo ukavurugika, kila fundo kwa namna yake. Yalipopozwa, ngoma ikarudi.