Juu ya Punyeto: Tusiwatie Vijana Woga wa Uongo

Hapa Tchomia, kando ya ziwa Albert, kuna vijana wanaouliza kwa woga: je, punyeto hupofusha macho? Huleta wazimu? Tujue kwanza woga huo ulitoka wapi.

Haukutoka katika Maandiko. Onani (Mwanzo 38) aliadhibiwa kwa sababu alikataa kumpatia uzao ndugu yake aliyekufa: ni shauri lingine. Waalimu wa zamani wa Kanisa waliihesabu punyeto kuwa dhambi. Walitazama roho, si afya. Lakini mwanzo wa karne ya 18 kitabu Onania, kisicho na jina la mwandishi, kilitoka London, kikitisha watu na kuwauzia dawa. Mwaka 1760 mganga Tissot wa Lausanne akaandika kwa Kifaransa ya kwamba inaharibu mwili na akili. Waganga wengi wakamfuata zaidi ya miaka 100. Leo waganga wanakana: haipofushi, haileti wazimu wala utasa.

Basi, Kanisa limegeuza fundisho? Hapana. Katekisimu ya mwaka 1992 (namba 2352) yasema tendo hilo ni baya sana kwa asili yake. Lakini yatuagiza kupima hali ya mtu ya kutokomaa kihisia, mazoea na mahangaiko yake, maana yaweza kupunguza hatia.

Kijana aliyetishwa kwa uongo, siku akiugundua, ataacha na ukweli pia. Naye anayeuamini hukata tamaa, asikaribie tena Sakramenti. Tuwafundishe usafi wa moyo kwa ukweli, tuwapokee kwa subira.