Cocteau Twins: Bendi Iliyoficha Maneno Yake

Hapa kwetu pwani mwimbaji akianza mafumbo, watu hutega masikio wapate kujua ni nani anayepigwa kijembe. Sijui wangalifanyaje mbele ya Bi. Elizabeth Fraser wa Uskoti, ambaye kwa miaka mingi aliimba Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe hawakukielewa.

Bendi yake, Cocteau Twins, ilizaliwa Grangemouth, mji wa bandari uliojulikana kwa mitambo ya kusafishia mafuta. Bw. Robin Guthrie na Bw. Will Heggie waliianzisha mwaka wa 1979, na Bi. Fraser akajiunga nao baadaye, angali kijana mno. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Mashine ndiyo iliyowapigia. Santuri yao ya kwanza, "Garlands" ya 1982, ni nzito na ya kiza, besi ikitangulia na sauti ya bibi ikitetemeka nyuma yake.

Heggie alipoondoka mwaka wa 1983, mambo yaligeuka. Guthrie alilipitisha gita lake katika vyombo vya mwangwi, tabaka juu ya tabaka, hata lisitambulikane tena kuwa ni gita. Simon Raymonde akashika besi, na katika "Treasure" ya 1984 Bi. Fraser akawa anachagua maneno kwa utamu wa mlio wake tu, mengine akiyabuni mwenyewe. Mwaka wa 1986 ikaja "Victorialand", takriban haina ngoma wala besi. Yapendeza, walakin msikilizaji hukosa pa kushika.

Kwa maoni yangu ustadi wao ulikamilika katika "Heaven or Las Vegas" ya 1990, iliyofika nambari 7 katika orodha ya Uingereza. Guthrie na Fraser walikuwa wamepata binti mwaka uliotangulia, na ghafla baadhi ya maneno yakaanza kusikika, kana kwamba bibi amepata jambo la kumwambia mtu. Hata hivyo Guthrie alikuwa ametekwa na madawa ya kulevya, na Raymonde alifiwa na babake mwaka huo huo.

Ilipotoka "Four-Calendar Café" mwaka wa 1993, maneno yalikuwa wazi kabisa, nayo yalieleza uchungu wa watu wawili wanaoachana. Baadhi ya mashabiki walinung'unika ati muziki umepoa. Mimi siwaungi mkono. Aliyeimba gizani miaka kumi ana haki ya kuwasha taa.

Waliachana na kazi mwaka wa 1997. Mwaka wa 2005 ilitangazwa kwamba wangerudi jukwaani katika tamasha la Coachella huko California, lakini Bi. Fraser akajitoa na onyesho likafutwa.