Shahada ya Uzamili ya Saikolojia: Ina Faida Gani kwa Parokia za Kibondo na Kasulu?



Wapendwa wasomaji, padre aliyekwisha kusoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi anaporudishwa chuoni kusomea saikolojia, waamini huuliza: kwa nini aende, wakati vigango vinamngoja kwa Misa? Ni swali la haki, nasi tunapenda kulijibu.

Kwanza tuelewe maana. Saikolojia ni elimu inayochunguza mawazo, hisia na mwenendo wa mwanadamu. Mwanasaikolojia si daktari wa kuandika dawa. Kazi hiyo ni ya daktari wa magonjwa ya akili. Wala hachukui nafasi ya sala na sakramenti. Yeye husikiliza, hupima tatizo kwa njia zilizochunguzwa, na humsaidia mtu kusimama tena.

Masomo ya uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili. Mwanafunzi husoma nadharia, takwimu, mbinu za utafiti na maadili ya kazi, huandika tasnifu, na katika matawi ya tiba na ushauri hukaa na wahitaji chini ya msimamizi. Hapa nchini, saikolojia tiba hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa uzamili wa saikolojia ya jamii. Huko Roma, Chuo Kikuu cha Gregoriana kina Taasisi ya Saikolojia iliyoanzishwa mwaka 1971 na Padre Luigi Rulla, Mjesuiti, hasa kwa ajili ya walezi wa miito. Popote aendapo, mwombaji huhitaji shahada ya kwanza inayotambuliwa. Frateri mwenye nia hiyo aulize mapema kama masomo ya seminari yake yanampa shahada ya namna hiyo.

Kanisa haliiogopi elimu hii. Mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 62, ulielekeza kwamba uchungaji utumie pia matunda ya sayansi za kidunia, hasa saikolojia na sosholojia.

Kwetu Kigoma hitaji hili lina sura za watu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza mwaka 1996 kwa kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipozuka, kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena. Aliyeona nduguye akiuawa hahitaji unga na turubai tu. Huko Nyarugusu watafiti, wakiwemo wa Muhimbili, walijaribu mpango ulioitwa Nguvu kwa wanawake wa Kikongo waliodhulumiwa na wenzi wao. Wanawake walikutana katika vikundi, wakiongozwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Hapo tunajifunza kwamba msomi mmoja hawezi kuwasikiliza wote, ila anaweza kuwaandaa wengi. Padre mmoja mwenye uzamili anaweza kuwafundisha makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo namna ya kusikiliza na wakati wa kumpeleka mtu hospitali.

Tena mwana wa Kasulu au Kibondo ana karama ambayo chuo hakitoi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Mama Mrundi anaweza kumweleza uchungu wake bila mkalimani. Maneno ya moyoni yakipitia kinywa cha mtu mwingine hupungua uzito, na mengine hayasemwi kabisa.

Lakini ipo mipaka. Siri ya kitubio haiguswi: yaliyosemwa katika maungamo hayaingii katika ushauri, wala katika faili. Mwaka 2008 Kongregasio ya Elimu Katoliki ilitoa mwongozo kuhusu saikolojia katika malezi ya mapadre. Unasema walezi wasitumie mbinu za kitaalamu za tiba ya kisaikolojia kwa waseminari wao, mtaalamu asiwe mmoja wa timu ya walezi, na mseminari asipimwe bila ridhaa yake. Kwa hiyo padre mwenye shahada hii akipangiwa ulezi seminarini, asiwe mlezi na mtabibu wa kijana yule yule. Kijana akihofu kwamba machozi yake yatakuwa hoja ya kumfukuza, atayaficha, na jeraha litaingia naye katika upadre.

Ndugu mafrateri, anayetaka kusomea saikolojia ili ajitibu mwenyewe, atafute msaada kwanza, kisha aombe masomo. Nanyi waamini, padre wenu akitumwa chuoni, msihesabu Misa zilizopungua tu. Siku akirudi, mleteeni pia yule kijana asiyelala usiku, ambaye mpaka leo mmekuwa mkisema amerogwa.