Anwani za Vyombo Vidogo: Sehemu ya Pili, Ijara ya Anwani

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza kwamba kila chombo kishirikicho katika mtandao sharti kiwe na anwani yake ya tarakimu, na kwamba anwani za ndani ya nyumba, shule na ofisi hutolewa aghalabu katika mafungu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996, ambayo mashuhuri zaidi ni lile lianzalo kwa 192.168. Lililobaki ni kueleza ni nani akipaye chombo anwani hiyo, kwa muda gani na kwa masharti yapi. Nami nitasema hasa juu ya vyombo vilivyo vidogo mno, visivyo na kioo wala vitufe, ambavyo mwenyewe huvifunga juu ya nguzo akaenda zake, akitaraji vijitegemee.

Natwaa mfano wa Mazinde. Mazinde iko chini ya Milima ya Usambara, kando ya barabara ipitayo Mombo kwenda Same, katika nchi kavu ya mkonge. Na juu yake, katika wilaya ya Lushoto, iko Mazinde Juu, ambako ukungu si habari ya kumsimulia mtu. Atakaye kuijua tofauti ya mvua ya pande hizi mbili, zenye jina moja na majira mbalimbali, leo hahitaji karani wa kujaza daftari kila asubuhi: kibao cha saketi kisichozidi kiganja cha mkono, kikiunganishwa na kipimo cha mvua, chaweza kutuma hesabu zake kwa ruta iliyo karibu. Na tuseme vimefungwa vibao kadha wa kadha vya namna hiyo, chini na juu.

Njia ya kwanza, ipendwayo na mafundi wenye haraka, ni kuiandika anwani kwa mkono ndani ya programu ya kila kibao. Siku ya kwanza njia hiyo haina ila. Ila yake hudhihiri siku ruta itakapopigwa na radi, ikaletwa nyingine itumiayo 192.168.0 mahali pa 192.168.1, na vibao vyote vikawa vinaita ruta isiyokuwapo. Hapo sharti mtu apande kila nguzo akiwa na kompyuta yake, tena awe na programu ya asili, ambayo aghalabu fundi huwa ameondoka nayo.

Njia ya pili ni itifaki iitwayo DHCP, iliyotangazwa kwanza mwaka 1993, na ambayo sura yake itumikayo hadi leo iliandikwa mwezi Machi 1997 na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani. Iliyoitangulia, BOOTP ya mwaka 1985, ilijua kutoa anwani lakini haikujua kuidai irudi. DHCP ikaleta ijara, kwa maana ya kuwa anwani hutolewa kwa muda maalumu, na asiyeomba nyongeza hupokonywa. Mwombaji wa anwani ni kama msafara wa kale: zama za Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Usambara, aliyeweka makao yake Mazinde ili aishike njia ya misafara ya bonde la Pangani, msafara haukupita hapo bila ya kujulisha ujio wake na kutoa hongo. Na chombo nacho kiwashwapo hakina hiari ya kujichagulia mahali. Hupaza sauti kwa mtandao mzima, kwa kuwa hakijajua bado nani ni nani, kikiuliza kama yuko mwenye anwani ya kutoa. Ruta hukitajia moja. Chombo huiomba hiyo hiyo iliyotajwa. Na ruta huithibitisha, ikiongeza muda wa ijara, anwani ya lango la kutokea nje, na ya seva ya kutafuta majina. Nusu ya muda ikipita, chombo huirudia ruta ile ile kuomba nyongeza; zikipita sehemu saba katika nane bila ya jibu, huomba kwa yeyote atakayesikia; na muda ukiisha hakina ruhusa tena. Kwa ijara ya saa 24, basi, ombi la kwanza huwa saa ya 12 na la dharura saa ya 21.

Haya yote yaliandikwa kwa ajili ya kompyuta zenye nafasi. Kanuni yataka chombo kiweze kupokea ujumbe wa baiti 576, jambo ambalo kwa simu ya mkononi si kitu, lakini kwa kibao cha Arduino Uno, chenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, ni zaidi ya robo ya kumbukumbu yote. Aliyewapunguzia watu dhiki hiyo ni Adam Dunkels wa Sweden, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliandika lwIP, programu ya mtandao ambayo msimbo wake hutoshea katika kilobaiti zipatazo 40, na ambayo ina DHCP ndani yake. Na vibao vingi vya bei nafuu vya siku hizi, kama vile vya ESP8266 ya Shanghai, husimama juu ya kazi hiyo.

Walakini udogo wa kumbukumbu si ugonjwa mkubwa. Ugonjwa mkubwa ni kunakili. Ruta humtambua mwombaji kwa anwani ya MAC, ambayo kwa kawaida huchomwa kiwandani. Lakini zipo saketi mashuhuri za waya, kama W5500 na ENC28J60, zisizo na anwani hiyo, na mwandishi wa programu ndiye aiandikaye. Mifano ya Arduino iliyoenea duniani imeweka pale herufi DE AD BE EF FE ED, nao wanagenzi huzichukua kama zilivyo. Vibao viwili vikiwa na herufi hizo katika mtandao mmoja, ruta huona mwombaji mmoja, ikavipa anwani moja, na hesabu za mvua zikawa mara zafika, mara hazifiki, wala hapana atakayeshuku kipimo cha jirani.

Mfano uo huo una hatari ya pili, ambayo kwa rai yangu ndiyo iliyoua vipimo vingi. Umeme ukikatika kisha ukarudi, kibao huamka katika sekunde chache, hali ruta yaweza kuhitaji dakika moja au zaidi kabla haijaanza kujibu. Maktaba ya Arduino hungoja sekunde 60, halafu hukata tamaa. Na programu ya mfano, ikiisha kata tamaa, huingia katika duara isiyo na mwisho, haifanyi lolote tena. Taa yake yawaka, mwenyewe apitaye chini huridhika, na mvua ya Mazinde Juu yanyesha bila ya kuandikwa. Waliotunga kanuni waliliona hilo mapema: waliagiza chombo kingoje kwanza kwa bahati nasibu kati ya sekunde 1 na 10, kiulize, kisha kingoje 4, 8, 16, 32 na 64, kila mara kwa kupunguza au kuongeza kidogo ili vyombo visiulize vyote kwa pamoja. Mimi naongeza kwamba kisikome kabisa, bali kiendelee kuuliza kila dakika hata siku ya pili, na huku kikihesabu mvua katika kumbukumbu yake. Na bahati nasibu hiyo ianzishwe kwa anwani ya MAC, kwa sababu vibao kumi vyenye programu moja na mbegu moja, yaani namba moja ya kuanzia, hubahatisha namba zile zile.

Chaweza pia kuihifadhi anwani yake ya zamani, ili kiamkapo kiiombe moja kwa moja bila ya kuanza upya. Ni jambo zuri, kwa hadhari mbili: kisiitumie kabla ya kuthibitishiwa, maana kibao kisicho na saa hakijui giza lilidumu dakika au siku, tena kisiandike ila anwani inapobadilika, kwa kuwa hifadhi ya kudumu ya Uno imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000 tu.

Sasa upande wa ruta. Zile zenye OpenWrt, kwa mfano, hutoa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 249, kwa ijara ya saa 12, isipokuwa umebadilisha. Nazo zaweza kujazwa na simu za wageni wa siku moja. Vipimo vitengewe mahali pao nje ya fungu hilo, tuseme kuanzia 20, kwa kuandika katika ruta kwamba MAC fulani ipewe anwani fulani daima. Chombo chaomba kama vingine, lakini jibu ni lile lile siku zote, na daftari lote la anwani liko mahali pamoja, chini, ambapo mtu husoma ameketi. Kibao kikiungua na kuwekwa kingine, mstari mmoja tu hubadilishwa. Na kama ni saketi ya zile zisizo na MAC ya kiwandani, kipya hupewa MAC ya marehemu, na hata mstari huo haubadiliki.

(Itaendelea)