Tumewafundisha haramu, je, tumewafundisha kukataa?

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tunapenda kulitazama suala la dawa za kulevya kwa upande unaozungumzwa kwa nadra. Hukumu yake haina utata. Allah (S.W.) ameukataza ulevi katika Suratul Maidah, aya ya 90, na wanachuoni wameingiza humo bangi, unga na kila kinachoiondoa akili. Watoto wetu wanaisikia hukumu hiyo tangu chuoni. Hata hivyo, tangu heroini ilipoingia katika miji yetu ya mwambao miaka ya 1980, miongoni mwa walioangamia wamo vijana waliokhitimu Msahafu. Kwa nini elimu yao haikuwakinga?

Tuangalie jambo hili linavyoanza. Kijana wa miaka 14 kwa kawaida hafuatwi gizani na mtu asiyemjua. Hupewa bure, mchana, na mtu anayempenda: rafiki, binamu, au kaka wa mtaani. Huanza na sigara, kisha msokoto, na katika baadhi ya vijiwe msokoto huo huchanganywa bangi na unga, wenyewe wakauita kokteli. Saa hiyo haulizwi hukumu ya dini. Anaulizwa: "Kumbe wewe bado mtoto wa mama?" Hapo kinachohitajika ni ulimi wenye neno la kukataa bila kutukana na bila kuaibika.

Wengi hawana neno hilo, kwani nyumbani hawajapata kuruhusiwa kulitamka. Tumezoea kumsifu mtoto kwa ukimya wake. Akihoji, tunasema ana kiburi. Akikataa, tunasema hana adabu. Mtoto aliyezoezwa kumtii kila aliyemzidi umri, ataupata wapi ujasiri mbele ya kijana wa miaka 20 anayemnyooshea sigara?

Malezi ya Mtume (S.A.W.) hayakuwa hivyo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'ad kwamba Mtume aliletewa kinywaji, kuliani kwake akiwa ameketi kijana na kushotoni wazee. Akamwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa kwa adabu, kwa kuwa hakutaka kumwachia mtu fungu lake litokalo kwa Mtume. Mtume hakumkemea, alimpa chombo mkononi.

Vilevile, katika Musnad ya Imam Ahmad, imepokewa habari ya kijana aliyemwomba Mtume ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkaripia, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akamwekea mkono na kumuombea dua. Kijana yule alipewa nafasi ya kufikiri na kujibu.

Wataalamu wa zama zetu nao wamefikia jambo lililo karibu na hilo. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Gilbert Botvin aliandaa mafunzo ya shuleni ambayo hayaishii katika kuwatisha wanafunzi kwa madhara. Huwazoeza kukataa, kuzungumza na watu na kutuliza wasiwasi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa mafunzo hayo hupunguza matumizi ya sigara, pombe na bangi.

Basi wazazi tufanye nini? Kwanza, tuwazoeze watoto wetu nyumbani, wa kiume na wa kike. Muulize: "Mwanangu, rafiki yako akikwambia uvute mara moja tu, utamjibu nini?" Mwache atafute maneno yake mwenyewe. Jibu fupi latosha: "Mimi sivuti, nakwenda uwanjani," kisha aondoke.

Pili, tumruhusu atofautiane nasi kwa heshima katika mambo madogo. Baadhi ya wazazi wataogopa kwamba hili litazaa jeuri. Lakini adabu ni namna ya kusema, wala si kunyamaza.

Tatu, mtoto anayetueleza kwamba amepewa au amejaribu, tusimpokee kwa bakora. Akifungiwa mlango wa nyumbani, wa kijiwe uko wazi. Na aliyekwisha kunasa asikatiwe tamaa: hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni mwaka 2011, na Zanzibar zipo nyumba za kuwasaidia wanaoacha.

Tumwombe Allah (S.W.) avilinde vizazi vyetu, na atupe sisi wazazi masikio ya kuwasikiliza kabla hawajasikilizwa na wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.